Kuchoka Si Mazoezi: Presha, Kisukari na Swaumu ya Mtu wa Kazi



 

Ndugu msomaji, haya yalikuwa ni mazungumzo ya mdomo na vijana pamoja na wazazi hapa Kiirua, na nimeyaandika karibu vile vile nilivyoyasema. Mimi si daktari. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu niliyelelewa na madrasa, na ninayoyasema hapa nimeyachukua kwa wenye elimu yao. Ilipotangazwa kwamba mada ni maradhi ya moyo na kisukari, kijana mmoja alisema, "Hayo ni ya wazee bwana, tupe mada ya ndoa." Ndoa tutaizungumza inshallah. Lakini mume aliyepigwa na kiharusi akiwa na miaka 38 ni habari ya ndoa pia, na mkewe ndiye atakayekueleza vizuri zaidi.

Nianze na neno ninalolisikia kila siku. Ukimwambia mtu akapime presha anakujibu: "Mimi nafanya kazi ngumu, natoka alfajiri narudi usiku, hayo magonjwa ni ya matajiri wa Nairobi wanaokaa ofisini." Anasema kwa yakini kabisa. Mwili umechoka, mgongo unauma, kwa hivyo anahesabu kwamba mazoezi yameshafanyika. Hapo ndipo kwenye kosa. Kuchoka si mazoezi. Mtu anaweza kuchoka hadi ashindwe kuvua viatu, na moyo wake siku nzima haujafanya kazi ya maana.

Hebu tuangalie kazi zetu wenyewe. Babu zetu katika upande huu wa Buuri walikwenda kwa miguu hadi shambani, wakalima kwa jembe, wakabeba viazi mgongoni, wakarudi kwa miguu. Leo je? Ngano ya Timau inalimwa kwa trekta na kuvunwa kwa mashine, na mwendeshaji amekaa. Viazi vinapanda lori, na dereva wa lori amekaa hadi Nairobi. Kijana wa matatu ya kwenda Meru au Isiolo amekaa. Soja wa usiku amekaa. Mwenye duka amekaa, wakala wa M-Pesa amekaa, fundi wa cherehani amekaa. Na boda boda? Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwenye pikipiki ndogo zisizozidi 250cc, na tangu hapo vijana wengi walipata riziki ya halali, alhamdulillah. Siipigi vita boda boda. Lakini tuseme ukweli: mwendo ambao mama alikuwa akiutembea hadi sokoni leo anapanda, na anayempeleka naye ameketi kuanzia Alfajiri mpaka Isha. Wote wawili wamepunguza hatua.

Vibarua wa kupalilia na kubeba magunia wapo bado, na wale wa mashamba ya maua husimama siku kutwa. Kwao hesabu ni tofauti kidogo, nitawafikia kwenye chai.

Kuna utafiti mmoja wa zamani ambao naupenda kwa sababu unawahusu watu wa kazi kama sisi, tena watu wa magari. Daktari mmoja Mwingereza, Jerry Morris, aliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya ghorofa mbili, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1953. Katika kila basi kuna watu wawili. Dereva amekaa kwenye usukani. Makanga anapanda na kushuka ngazi kukusanya nauli, mamia ya ngazi kwa siku moja. Wote ni watu wa tabaka moja, mji mmoja, saa zile zile za kazi, mshahara haupishani sana. Lakini madereva walipatwa na maradhi ya moyo zaidi sana kuliko makanga, na yalipowapata makanga hayakuwa makali kama ya madereva. Akaangalia na watu wa posta: wale wanaotembea kupeleka barua walikuwa afadhali kuliko makarani wa mezani.

Sasa, jioni ukimuuliza dereva na makanga nani amechoka, wote watasema "mimi". Na wote wanasema kweli. Lakini mmoja amechoka kwa kukaa, kukaza macho na kugombana na barabara, na mwingine amechoka kwa kutembea. Moyo unaijua tofauti hiyo.

Jambo la pili ni saa. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu yao mwaka 2021: mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, ukimlinganisha na wa saa 35 hadi 40, hatari yake ya kupata kiharusi inapanda kwa kiasi cha asilimia 35, na ya kufa kwa maradhi ya moyo kwa asilimia 17. Hebu piga hesabu yako. Wa boda boda anayeanza saa kumi na mbili asubuhi na kumaliza saa mbili usiku, siku sita, ameshafika saa 84. Soja wa usiku wa saa kumi na mbili, siku sita, ni saa 72. Simwambii mtu aache kazi, watoto wanataka karo. Ninachosema ni kwamba mtu wa saa 84 asijione yuko nje ya hatari kwa sababu yeye si tajiri. Yeye ndiye aliye ndani.

Na hapa kwetu Kenya, utafiti mkubwa wa serikali wa mwaka 2015 ulipopima watu wazima nchi nzima, karibu mmoja kati ya kila wanne alikutwa na presha iliyopanda. Zaidi ya nusu ya watu walikuwa hawajawahi kupimwa presha hata siku moja maishani. Upande wa sukari, karibu tisa kati ya kumi hawajawahi kupimwa. Fikiria safu moja ya swala msikitini yenye watu 20. Watu watano hivi wana presha, na wengi wao wanapotoa salamu kulia na kushoto hawajui.

Watu wengi wanadhani presha inajitangaza. "Mimi najua ikipanda, kichwa huniuma." La, ndugu yangu. Presha mara nyingi haina dalili yoyote. Damu inasukuma kuta za mishipa kwa nguvu kupita kiasi, miaka kumi, miaka kumi na tano, mishipa inakuwa migumu, moyo unanenepa kwa kusukuma, figo zinachoka, na wewe unacheka na watu. Halafu siku moja mshipa wa kichwani unaziba au unapasuka. Watu wanasema "alikuwa mzima kabisa, jana tulikuwa naye." Hakuwa mzima. Hakuwa amepimwa.

Kisukari nacho si ugonjwa wa "kula sukari" peke yake kama tunavyosema mitaani. Chakula kikiingia tumboni hugeuka sukari na kuingia kwenye damu, na kongosho hutoa insulini inayoifungulia ile sukari mlango wa kuingia katika nyama za mwili. Kwa kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho cha wengi, ule mlango umeanza kushika kutu. Tumbo likijaa mafuta na misuli ikikaa bila kazi, insulini inabisha hodi na haifunguliwi. Sukari inabaki barabarani, inaharibu mishipa ya macho, ya figo, ya miguu, na ya moyo. Ndiyo maana kisukari na moyo vinatajwa pamoja. Ni jirani wa nyumba moja.

Dalili zake, zikija, ni kiu isiyokatika, kwenda haja ndogo mara kwa mara hasa usiku, kukonda bila sababu, macho kuingia ukungu, kidonda kisichopona. Lakini wengi hawazioni dalili hizo kwa miaka.

Tuje kwenye chai sasa, kwa sababu najua nikiisema chai Meru nitagombana na watu.

Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni gramu 4 hivi, kikiwa sawasawa. Sisi hatutii kilichosawazishwa, tunatia mlima. Lakini tuseme 4. Kibarua anakunywa vikombe sita kwa siku, kila kikombe vijiko vinne. Ni vijiko 24, karibu gramu 96. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwenye chakula, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50, na ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Chai peke yake imeshapita karibu mara mbili, na hatujataja soda ya nusu lita, ambayo ina gramu 50 nyingine. Kwa hiyo hata anayepalilia, mwenye misuli ya chuma, anaweza kujijazia kwenye kikombe kile alichokipunguza kwenye jembe. Chumvi nayo isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, kwa chakula chote. Ukishanyunyizia chipsi, kachumbari na nyama choma, kijiko kimeisha kabla ya jua kuzama.

Githeri, mboga za majani, njugu, viazi vya kuchemsha, samaki akipatikana: hicho ni chakula kizuri ambacho watu wa mjini wanakinunua ghali. Sisi tunacho shambani na tunakiona ni cha umaskini. Mgeni akija tunakimbilia soda na mkate mweupe!

Ramadhan ndiyo inaonyesha tabia yetu. Mwezi huu ungekuwa hospitali ya mwaka mzima. Saa 13 hivi bila chakula wala kinywaji, mwili unatumia akiba yake, mtu angepungua. Lakini wangapi kati yetu wanamaliza mwezi wameongezeka kilo? Adhana ya Maghrib ikilia, tunafungua kwa tende tatu, sawa, hiyo ni sunna. Halafu juisi ya unga, sambusa, bajia, viazi karai, kaimati zilizozama kwenye shira, uji wa sukari, ndipo tunaswali, ndipo tunarudi kula "chakula chenyewe": wali, chapati, nyama. Saa sita za usiku mdomo haujapumzika. Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea al-Miqdam bin Ma'dikarib na kuitoa Tirmidhi, alitufundisha kwamba matonge machache ya kumsimamisha mtu yanamtosha, na asipoweza basi agawe tumbo mafungu matatu: chakula, kinywaji, pumzi. Tunaisoma hadithi hii madrasa tukiwa watoto, tunaihifadhi, na fungu la pumzi ndilo la kwanza kunyang'anywa.

Akina mama, siwatupii lawama. Mama akipunguza mafuta na kuweka sahani moja ya vya kukaanga badala ya nne, wanaume ndio wanaonuna. Baba, usinune. Anakuokoa.

Kuna jambo la miraa, na nyumbani kwa miraa ndiko tuliko, majirani zetu Igembe wamesomesha watoto kwayo. Siingii katika hukumu yake ya kisheria leo, mashekhe wameizungumza. Nitasema ya moyo tu. Miraa, na muguka wa Embu vile vile, ina kemikali inayofanya moyo uende mbio na presha ipande, na utafiti uliofanywa Yemen uliihusisha na mshtuko wa moyo, hasa kwa wanaotafuna sana. Sasa mtafunaji wetu baada ya tarawehe anaanza, na soda mkononi, pengine na sigara, mpaka daku. Usingizi hakuna. Kesho yuko kwenye usukani amefunga. Moyo mmoja huo umebebeshwa miraa, nikotini, sukari, kukosa usingizi na kiu ya mchana. Ukiwa una presha na unatafuna, mwambie daktari ukweli. Hatakushitaki kwa mtu.

Nije kwenye jambo zito zaidi, ambalo ndilo lililonifanya nikubali mada hii. Ni mgonjwa anayeficha ugonjwa wake ili afunge.

Tunao katika kila familia. Mzee ana kisukari, anameza dawa au anajidunga insulini, na Ramadhan ikiingia anafunga bila kumwambia daktari wala mtoto wake. Au anafunga na kuacha dawa za presha mwezi mzima, kwa sababu alikuwa akizimeza mchana na hakuna aliyemwambia kwamba ratiba inaweza kubadilishwa. Na kijana mwenye kisukari aliye kazini anafunga kwa kuona haya, asije akaonekana anakula mchana.

Utafiti uliofanywa mwaka 2001 na kuchapishwa mwaka 2004 uliwafuatilia Waislamu zaidi ya 12,000 wenye kisukari katika nchi 13. Wenye kisukari cha aina ya pili, karibu wanane kati ya kumi walifunga angalau siku 15. Kushuka kwa sukari kwa kiwango cha hatari kuliongezeka katika Ramadhan mara saba na nusu kwa hao wa aina ya pili, na karibu mara tano kwa wa aina ya kwanza. Sukari kupanda vibaya hadi kulazwa nako kuliongezeka, na futari zetu mnazijua.

Inakuwaje? Mtu mzima asiye na ugonjwa akifunga, ini lake linatoa sukari ya akiba polepole na insulini inapungua yenyewe. Lakini mwenye kumeza vidonge vya kulazimisha kongosho kama glibenclamide, au aliyejidunga insulini alfajiri, insulini yake haisikii kwamba leo ni Ramadhan. Inaendelea kushusha sukari. Alasiri inafika, akiba imekwisha: jasho jembamba, kutetemeka, moyo kwenda mbio, ghadhabu isiyo na maana, maneno kuchanganyika. Watu wanasema "swaumu imempanda kichwani." Akiwa nyumbani amelala ni hatari. Akiwa kwenye pikipiki na abiria, au kwenye mashine ya kupura ngano, fikiria mwenyewe.

Na sheria inasemaje? Suratul Baqarah, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa na msafiri ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na asiyeweza kulipa analisha maskini. Katika safari ya kuifungua Makka, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) alifungua mchana mbele ya watu ili wamuone, na alipoambiwa kuna waliobaki wamefunga aliwaita waasi. Imo katika Sahih Muslim. Hawa walikuwa sahaba, walikuwa wanataka kheri! Kwa hivyo yule mzee anayedhani anamfurahisha Allah kwa kuanguka saa tisa mchana, mwambieni kwa adabu, kwa heshima ya mzazi, kwamba ruhusa pia ni ya Allah. Upande wa pili, mwenye kazi ngumu asiye mgonjwa asiifanye kazi yake kuwa kisingizio cha kutotia nia tangu usiku. Hilo lina maelezo yake, muulize shekhe wako.

Si kila mwenye kisukari au presha anakatazwa kufunga. Wengi wanaotumia dawa isiyoshusha sukari ghafla, na sukari yao imetulia, wanafunga salama. Wa presha wengi pia, kwa kuhamisha dawa kwenye futari au daku. Lakini anayeamua ni kipimo na daktari, sio ushujaa. Nenda wiki sita hadi nane kabla ya mwezi, na kama umechelewa nenda kesho.

Pa kwenda papo. Hapa hapa Kiirua tuna hospitali ya misheni ya St. Theresa, na zipo zahanati za serikali. Tena tangu Septemba 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii vifaa vya kuzunguka navyo nyumbani, vikiwemo mashine ya presha na ya sukari. Muulize wa kijiji chako. Najua kuna ndugu wanaosita kuingia hospitali ya misheni kwa kuwa ni ya Wakristo, na wengine wanaona kisomo na habbat sauda vinatosha. Kisomo tunakiamini. Lakini katika Sunan Abi Dawud imepokewa kwamba Saad bin Abi Waqqas (r.a.) aliugua, Mtume akamwekea mkono kifuani, akamwambia kwamba ana maradhi ya moyo, aende kwa al-Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif kwa sababu ni mtu anayejua tiba. Wanazuoni wameizungumzia sanadi yake, na mimi sifichi hilo, lakini waliosimulia habari za al-Harith wanasema ni tabibu aliyejulikana kwa Waarabu, na wapo waliosema haikuthibiti kwamba alisilimu. Tabibu anatafutwa kwa ujuzi wake.

Mtapimwa nini? Presha ina namba mbili. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, hiyo imepanda. Sukari ukiwa hujala usiku kucha ikifika 7.0 ni kisukari, na kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo. Hilo onyo ni rehma. Huko Marekani mwaka 2002 walichapisha utafiti wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa kwenye ukingo huo. Waliopunguza uzito kiasi cha asilimia 7 na kutembea haraka dakika 150 kwa wiki, uwezekano wao wa kuingia kwenye kisukari ulishuka kwa asilimia 58, kuwapita hata waliopewa dawa. Dakika 150 ni nusu saa, siku tano. Wa boda boda, egesha pikipiki mbali na msikiti. Wa matatu, mkisubiri abiria wajae usikae kwenye kiti, zunguka stendi. Tarawehe inasaidia, lakini usiihesabu kama mbio za Eldoret. Na baada ya rakaa ya mwisho usikimbilie kaimati zilizobaki.

Baada ya mada kulikuwa na maswali, na nitayaweka machache kwa sababu yanaulizwa kila mahali.

Dada mmoja aliuliza kama kujichoma kidole kupima sukari kunavunja swaumu. Hakuvunji. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha Jeddah mwaka 1997, liliona kwamba kutoa damu ya kupima hakuharibu swaumu, wala sindano za matibabu zisizo za lishe, na hata kidonge cha maumivu ya moyo kinachowekwa chini ya ulimi, mradi usimeze kinachofika kooni. Kwa hivyo mgonjwa asiyepima mchana kwa kuhofia swaumu yake anajinyima bure.

Kijana akauliza: nikipima mchana nikakuta imeshuka, nivumilie mpaka Maghrib, zimebaki dakika 40? Usivumilie. Ikiwa chini ya 3.9, au imepita 16.6, fungua wakati huo huo, hata zikibaki dakika 10. Ikiwa imeshuka, kunywa maji ya sukari au kula tende, kaa chini, usiendeshe. Siku hiyo utailipa. Na siku ya pili usifunge kabla ya kuongea na daktari.

Mzee mmoja, nyuma kabisa, aliuliza swali nililolipenda kuliko yote. Miguu yake imekuwa haina hisia, je, udhu wa maji moto una neno? Asubuhi za Kiirua mnazijua, baridi inauma, na karibu kila nyumba inatia udhu kwa maji ya moto. Nikamjibu kama nilivyofundishwa: mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi anaweza kuungua bila kujua, basi maji ayajaribu kwanza kwa kiwiko, au mtoto amjaribie. Na akishaosha akaushe baina ya vidole, kisha aitazame miguu, nyayo na visigino, kama kuna mchubuko au kidonda. Mara tano kwa siku anaiosha, basi angalau mara moja aitazame kwa makini, na akiona kidonda asikiwekee majani, aende hospitali siku hiyo hiyo. Mjukuu wake aliyekuwa ameketi pembeni alisema yeye atakuwa anamtazamia za chini, kwa sababu babu hainami.